Kifuniko cha Mfalme

Haya ni kweli tupu, na anayebisha aende New Hampshire akaulize, huko ambako misonobari ni mirefu hata mawingu huikwepa.

Enzi Uingereza ikitawala huko, kila msonobari mnene ulichongwa alama ya mshale, ukawa mali ya Mfalme wa Uingereza, mlingoti wa manowari zake, hata kama umeota shambani kwako. Kwa hiyo watu waliiiba miti yao wenyewe, wakaipasua mbao nyembamba isijulikane. Lakini mume wa Mehitabel alipofariki, majirani walimchongea jeneza lenye kifuniko cha ubao mmoja mpana. Kwa majonzi, wakasahau kuupasua.

Mkaguzi wa miti ya Mfalme aliwasimamisha ndani ya lango la makaburi, akapima kifuniko kwa kamba.

"Ubao huu ni wa Mfalme, mama. Ung'olewe."

"Mti umeota shambani kwetu."

"Hata ungeota kitandani kwako."

"Na maiti je?" mtu akauliza nyuma. "Naye tumchonge mshale?"

Mehitabel alitazama msumari mmoja uliopinda kichwa, aliougongomea mwenyewe asubuhi. Tangu utotoni alikuwa akimwombea Mfalme yule maisha marefu.

Akachukua nyundo kutoka kwa mchimba kaburi, akamkabidhi mkaguzi.

"Haya, bwana mkubwa. Ng'oa wewe."

Mkaguzi aliwatazama wanaume. Walikuwa wanatua jeneza chini taratibu, mikono ibaki mitupu.

"Ni sheria tu, mama," akasema, sauti imemshuka.

"Najua," alisema Mehitabel, akaenda kufunga lango, mkaguzi akiwa bado ndani.