Pasi Imepata Moto

Siku hizi kila mtu anaishi kwa sera za mgombea aliyempa kura, na swichi humtambua kwa kidole chake. Mgombea wa Mbaraka aliahidi kodi ndogo na umeme wa usiku tu. Mbaraka alimwapisha mkewe, Zaituni, ampigie huyohuyo. Lakini kwenye kibanda cha kura Zaituni alimfikiria binti yao Saumu, wa darasa la sita, akamchagua aliyeahidi sekondari ya bure na umeme wa kutwa.

Miezi miwili hakugusa swichi mchana. Leo asubuhi, akihangaika na sare ya Saumu, alijisahau akawasha pasi.

"Mama Saumu," Mbaraka alisema taratibu mlangoni, "mbona imepata moto?"

Zaituni alichomoa pasi haraka.

"Saumu, wahi shule, mwanangu," Mbaraka alimwambia bintiye. "Ukitoka, funga mlango."