Jicho la Ndege wa Marumaru

Nerina alikuwa hajawahi kupanda ngazi za kanisa kuu, ingawa mumewe, Lapo, alilichongea marumaru miaka thelathini. Nerina alilionea wivu kanisa hilo kama mke mwenza. Lakini sasa Lapo hakuweza kuinuka kitandani, na asubuhi hiyo ya ukungu jukwaa la mafundi lilikuwa linabomolewa.

"Limebaki jicho moja tu," Lapo alimwambia, akimkabidhi patasi. "Nimalizie, mke wangu."

"Nani ataliona huko juu?"

"Hakuna."

Juu kabisa, kati ya minara myembamba kama mishumaa, msimamizi wa mafundi alimwonyesha ndege mdogo miguuni pa sanamu ya mtakatifu.

"Fanya haraka, mama."

Pigo moja baya lingempasua ndege kichwa. Akagonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, akipuliza vumbi, mpaka kikatokea kitundu cha kutosha tone la mvua. Hapo akashangaa kujikuta analia.

Mafundi walianza kufungua kamba. Nerina aliweka kiganja juu ya mgongo wa ndege. Mji wote ulikuwa umezama chini ya ukungu, na jiwe lilikuwa vuguvugu, kana kwamba ndege yule ametua sasa hivi.