Posa ya Mistari Myekundu

Siku hizi mwonekano safi, ule unaoficha masahihisho ya hati, umepigwa marufuku: kila hati hufunguka na maneno yake yote yaliyofutwa, yamekatwa kwa mstari mwekundu. Ndivyo baba yake Zawena alivyoisoma barua yangu ya posa mbele ya wazee.

“Tunamposa binti yenu Mwanahawa. Limefutwa. Mwasiti. Limefutwa. Zawena. Kijana, mwanangu ni wa tatu?”

Mjomba, mshenga wangu, akadakia, “Mzee mwenzangu, kwa barua hiyo hiyo nimewaposea wanangu wawili kabla ya huyu. Haijawahi kukataliwa!”

Wazee wakacheka hadi kahawa ikamwagika.

Zawena, aliyekuwa chumbani, akanitumia jibu kwenye simu: “Nakubali.” Juu yake palikuwa na aya nzima nyekundu. Nikaifunika kwa kidole gumba.

Tuna miaka minne ya ndoa. Sijaisoma aya ile, ila tukigombana huwa naitafuta simu ile.