Kichuguu cha Digidigi

Zamani wanyama walipokuwa na serikali yao, mtawala alikaa juu ya kichuguu na kugawa matunda ya mgunga. Twiga alipotawala alisema, "Warefu wale kwanza, makombo yatawadondokea wafupi." Digidigi na mama yake wakakaa chini, midomo wazi, wakingoja kama walio ndotoni. Kilichodondoka ni maua tu.

Wafupi wakachoka, wakamwondoa Twiga na kumweka Digidigi, maana kila siku aliimba, "Tumbo ni tumbo, tugawane sawa!"

Desturi yao ilikuwa kukiongezea kichuguu udongo kwa heshima ya kila mtawala mpya. Digidigi akapanda. Ukungu ukamfunika kwato, mawingu yakampapasa masikio. Akatazama chini, akaona viumbe wadogo kama sisimizi, akadhani wameshiba.

"Mwanangu," mama yake akaita, "mgao wetu u wapi?"

Digidigi akatafuna taratibu, macho yakielea mbinguni. "Vumilieni, mama. Yatadondoka."

Mama aliinama, akaanza kukichimba kichuguu.