Alikoparura Punda

Kalunde, mkubwa wa mwethya, alipuliza filimbi, na wanawake wote wa kikundi hicho cha kazi ya pamoja wakaacha kuchimba. Tangu asubuhi walikuwa kwenye mchanga wa mto mkavu, palepale nyanya zao walipokuwa wakichimba maji, na shimo lilikuwa limewafika mabegani bila hata tope.

"Rudia ulichosema," alimwambia msichana aliyekuja na punda kubeba maji.

"Nimeuliza tu, mwaitu," msichana akasema kwa heshima. "Kwa nini punda wote wanaparura kule kwa kona ya mto, na hapa hakuna hata mmoja?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Sasa tufundishwe na punda?"

Kalunde hakucheka. Alikuwa akitazama kwato za yule punda. Zilikuwa zimegandwa na mchanga wenye unyevu.

"Twendeni kule!" akasema, akaruka kutoka shimoni kama kigoli.

Shimo jipya lilipofika magotini, alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Baridi! Maji yakaanza kujikusanya kuzunguka vidole vyake, na vigelegele vikalipuka mto mzima.

Kwa desturi, kibuyu cha kwanza hunywewa na mkubwa wa mwethya. Kalunde alikijaza, akampa msichana.

"Kunywa," alisema. "Halafu utuambie ni nini kingine umekuwa ukiona na hatukuulizi."