Kiungo cha Mpira

Mize alikuwa amekaa baharini juu ya ubao wake wa tanga, ameukumbatia mlingoti uliolala majini na tanga lake. Kaka yake Nasoro aliangusha tanga la ubao wake mwenyewe, akaogelea hadi kwake akiukokota. Hakuwa na haja ya kuuliza. Kiungo cha mpira kinachoshika mlingoti kwenye ubao kilikuwa kimekatika, palepale alipokifunga asubuhi kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, akamwambia, "Hiki hata ng'ombe akivuta hakitoki."

"Kaka, kifunge tena."

Alijaribu. Wimbi likampokonya ukanda. Mkondo ulikuwa ukiwavuta nje. Nyumba za mji zilishakuwa mstari mwembamba mweupe.

"Panda wangu," alisema. "Kalete boti."

"Twende wote."

"Hautubebi wawili, unajua."

"Na wewe?"

"Utanikuta hapahapa." Alisema kama mtu aliyekaa barazani kwake, huku amekunja miguu juu ya ubao uliovunjika, asithubutu kuiacha ining'inie majini.

Mize alihamia ubao wa kaka yake, akasimama, akainua tanga, likajaa upepo. Hakugeuka nyuma, kwa kuwa Nasoro ndiye aliyemfundisha kwamba anayegeuka huanguka. Tanga jekundu likaenda likipungua mpaka likawa kama ukucha.

Ndipo Nasoro alipohisi jua likimchoma shingoni, mahali ambapo muda mfupi uliopita upepo ulikuwa ukimpuliza. Upepo ulikuwa umekatika. Akainua macho. Kule mbali, kabla ya mji, ule ukucha mwekundu ulisita, ukayumba, kisha ukalala juu ya maji.