Njuga ya Tumbusi

Ajali zilipozidi mawinguni, ndege walikaa baraza wakakata shauri: kila arukaye avae njuga mguuni, wenzake wamsikie. Tumbusi peke yake alikataa.

"Nyinyi mnapiga mabawa," alisema. "Mimi naelea tu juu ya upepo, na uzito kidogo unanishusha. Isitoshe, masikio ninayo. Nitawasikia."

Bata Bukini, mgawaji wa njuga, hakubishana naye. Aliiweka moja kando.

Kesho yake Tumbusi alikuwa ndani ya wingu zito aliposikia njuga za Bata Bukini na kundi lake zikimjia kwa kasi. Alitaka kupiga ukelele, lakini koo la tumbusi halijui ila kukoroma. Akafunga mabawa, akaanguka kama jiwe mpaka karibu na vilele vya miti. Kimo chote alichokitafuta tangu asubuhi kikapotea.

Jioni alimwendea Bata Bukini. "Leo nusura mniue, bwana."

Bata Bukini alishangaa. "Sisi? Mbona safari ya leo ilikuwa shwari, ndugu yangu? Hatukukutana na mtu."

 Tumbusi akamnyooshea mguu.